Spea za breki kwa gari la zamani: niliyowaambia madereva wa Mbeya

Ndugu mwenyekiti, madereva wenzangu, kina mama wamiliki niliowaona pale mstari wa pili, wazee wangu shikamooni. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe, mwagonile.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana amevua saa yake akaiweka hapa mezani mbele yangu.

Nimekuja na mfuko wa vyuma. Cha kwanza ni hiki. Mlioko nyuma kama hamuoni, ni shuu ya breki ya Hilux, ya nyuma kushoto, kile chuma kilichopinda kinachoibana dramu kwa ndani. Tazameni mgongo wake: hauna lainingi, ile ngozi ngumu inayosuguana na dramu. Haikulika ikaisha. Ilibanduka nzima, kama soli ya kiatu kilichonyeshewa. Gundi hii hapa bado iko pembeni, rangi ya kahawia, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Nimekitunza chuma hiki zaidi ya miaka ishirini kwa sababu aliyekifunga ni mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mzee mmoja wa biashara ya viazi alikuwa na Hilux ya mwaka 1986. Inapakia Isyonje kule juu mlimani, inashusha Uyole. Shuu za nyuma zikaisha, akaniletea. Nikamtajia bei ya shuu nzuri. Akacheka sana. Akasema, "Kijana wangu, gari lenyewe nikiliuza leo silipati hela ya ng'ombe wawili, halafu unataka kulivalisha viatu vya bwana harusi?" Nikacheka naye. Nikaenda duka la pili nikapata seti ndani ya boksi zuri tu, bei kama theluthi. Nikafunga, nikalipwa, nikanywa chai.

Siku ya tisa gari likawa linateremka na mzigo, lainingi ya kushoto ikabanduka. Breki za mbele zikabaki zimebeba kazi yote peke yake. Na fluidi ya breki ilikuwa ile ile aliyoikuta siku anainunua Hilux, nyeusi kama kahawa. Dereva alinisimulia akiwa hospitali. Alisema pedeli ilikuwa ngumu, ikawa laini, ikawa haipo. Akalilaza gari kwenye kingo ya udongo kabla ya kona. Akavunjika mfupa wa bega. Viazi vikaviringika barabarani mpaka chini, na watoto wa shule waliokuwa wanapita ng'ambo ya pili wakaanza kuokota wakishangilia. Ng'ambo ya pili. Hilo neno huwa linanirudia usiku.

Duka lile sikwenda kugombana nalo. Mnunuzi nilikuwa mimi, mkono uliofunga ni huu.

Sasa, kosa lilianzia wapi? Yule mzee alipima bei ya breki kwa bei ya gari, na mimi fundi nikaukubali mzani wake. Mpaka leo kila wiki nausikia gerejini: "Fundi, gari lenyewe kuukuu, we weka chochote." Jamani, ukiwa unashuka Iwambi kwenda Mbalizi, mlima hauulizi kadi ya gari ni ya mwaka gani. Unakuuliza una uzito gani na unakwenda mwendo gani. Tena gari la zamani ndilo lenye haki zaidi ya spea nzuri, maana halina msaada mwingine. Halina ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge na kuteleza. Mabomba yake ya chuma yameota kutu, hosi zake zimezeeka, buster yake, ile inayoongezea mguu nguvu, inapumua. Ukichukua mgonjwa wa namna hiyo ukampa na dawa ya gengeni, umemmaliza.

Nitoe hesabu moja kisha niendelee, maana kuna walimu humu. Breki haimezi mwendo ukapotea. Inaugeuza kuwa joto. Gari la tani 2 likishuka mita 100 za kwenda chini, yaani kimo, siyo urefu wa barabara, na ukalishika kwa breki peke yake, joto linaloingia kwenye pedi zinazobana diski na kwenye dramu zako linatosha kuchemsha lita 6 za maji baridi ya bomba. Upepo na matairi vinapunguza kidogo, ndiyo. Lakini hizo ni mita 100. Hebu wewe unayetoka Isyonje, au unayeshuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, jihesabie sufuria ngapi za chai umepika kabla hujafika chini. Ndiyo maana wazee wanasema gia uliyopandia ndiyo ushukie. Injini ikikushikia gari, breki inabaki na kazi ya kusahihisha tu.

Kwa hiyo unaponunua pedi usiulize tu kama inashika. Pedi zikiwa za baridi zote zinashika, hata ya kuni ingeshika mara moja. Uliza inashika ikiwa ya moto?

Na hili unaweza kulisoma. Hii hapa pedi ya mkono wa kulia, nimeisafisha kwa mafuta ya taa ili maandishi yatoke. Pembeni au mgongoni utakuta msururu wa namba na herufi, na mwishoni herufi mbili kama FF, au GG, au FE. Nimefanya kazi miaka saba kabla sijajua maana yake. Nilidhani ni jina la mwenye kiwanda. Herufi ya kwanza ni ukali wa msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa ya moto sana. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE maana yake ikipata moto inapungua nguvu. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayezunguka Kariakoo labda atazeeka nayo. Kwa sisi wa huku mimi siifungi. Natafuta FF kwenda juu, na herufi ya pili isiwe chini ya ile ya kwanza.

Herufi hizo hazikwambii kama pedi itadumu, wala kama itabanduka. Kwa hilo kuna alama nyingine: E kubwa ndani ya duara, na namba pembeni yake. E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Karibu na hapo utaona 90R. Hiyo ni Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa ya spea za breki: pedi ya kubadilishia imepimwa, na msuguano wake usipishane na ule wa pedi iliyotoka na gari kwa zaidi ya asilimia 15. Wanaipima pia kama lainingi inashika barabara kwenye bamba lake. Ile shuu yangu, kama ingepita kipimo hicho, nisingekuwa nayo leo mezani.

Najua mnachotaka kuniambia. Fundi, na mhuri si unaigizwa? Unaigizwa. Boksi linaigizwa, stika inayong'aa inaigizwa, hata namba ya spea. Wenye Toyota mnajua pedi za mbele namba yake huanza na 04465, na shuu za nyuma 04495. Sasa hata feki inazo. Namba inakusaidia kujua kama kitu kinaingia kwenye gari lako, haikwambii kimetengenezwa na nani. Kwa gari la zamani, kuingia tu ni shughuli. Jina la gari lile lile, mwaka mmoja tofauti, kalipa nyingine, ile inayoshika pedi na kuzibana kwenye diski. Chukua namba ya chesisi, na ubebe pedi kuukuu mkononi. Msiende dukani kusema "nipe pedi za Corolla." Corolla ipi?

Basi feki unaijuaje? Mimi boksi silitazami, natazama kitu chenyewe. Tazameni hizi mbili, zinasemekana ni za gari moja. Hii ya kushoto, bamba lake la chuma limekatwa likabaki na meno pembeni, rangi imepakwa juu ya vumbi, na pale lainingi inapokutana na bamba kuna mwanya; karatasi ya risiti inaingia. Naomba kijana wa mbele ajaribu. Imeingia? Haya. Sasa hii nyingine jaribu. Haiingii. Ukiikwangua ile ya kwanza kwa msumari inatoka unga kama biskuti. Hii inatoa mkwaruzo tu. Halafu pima uzito kwa viganja viwili, kulia na kushoto, zote nne za boksi. Zikipishana, rudisha.

Kuna wanaokuja na sumaku. Sumaku inakwambia kama ndani kuna chuma, basi. Pedi zenye mchanganyiko wa chuma zinahimili joto vizuri, ila zinakula diski haraka na zinapiga kelele asubuhi kwenye baridi yetu hii. Za seramiki zimetulia, vumbi kidogo. Zile laini za bei ya chini ndizo zinazochoka mapema mlimani. Kwa pikapu ya mzigo mimi nafunga za mchanganyiko wa chuma nikamwambia mwenye gari avumilie kelele.

Na daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Siyo kwa ajili ya serikali tu. Mwenye duka anayejua bidhaa yake haogopi kukuandikia kitu gani amekuuzia. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na kwa ubora kuna TBS, Shirika la Viwango. Bila risiti utawaambia ulinunua kwa nani?

Nirudi kwenye fluidi, maana nusu ya kesi zinazoletwa kwangu kama "pedi mbovu" siyo pedi. Fluidi ya breki inavuta unyevu, hata kopo likiwa limefungwa kwenye gari, kupitia mfuniko na raba za hosi. DOT 3 ikiwa mpya kabisa inachemka nyuzi 205; ikishavuta maji kama asilimia 3.7, inachemka 140. DOT 4 mpya ni 230, ikiwa na maji hayo ni 155. Na ikichemka ndani ya bomba inatoa mvuke. Mvuke unabonyea. Ukikanyaga unabonyeza hewa, nguvu haifiki kwenye gurudumu. Ndiyo ile "ikawa laini, ikawa haipo" ya dereva wangu. Ukisimama dakika ishirini ikapoa, breki inarudi, na polisi wanakuja wanakanyaga wanasema mbona breki nzima, dereva mwongo. Hakusema uongo.

Kina mama mnajua maharage ya Mbeya yanachelewa kuiva kuliko ya Kyela. Ni kwa sababu huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100. Fluidi yenye maji nayo haipati nafuu kwa kuwa iko mlimani. Badilisha kila miaka miwili, yote, mpaka inayotoka iwe safi. Nunua kopo dogo lililofungwa, usinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Na asije mtu akaniletea gari limetiwa oili ya injini au ya gia kwenye kopo la breki. Raba zote zinavimba kama maandazi. Masta silinda, silinda za magurudumu, hosi, vyote vinakwenda. Nimewahi kukuta maji ya sabuni pia. Kwa sauti ya pedeli nilijua.

Dramu na diski zina maandishi yake. Kwenye diski kuna MIN TH na namba ya milimita: ikifika hapo ni chuma chakavu. Kwenye dramu ni MAX DIA, upana wa ndani usiotakiwa kuzidi. Kukereza dramu siyo kosa, mafundi wa mashine tunao wazuri Mwanjelwa, lakini fundi anayekereza bila vernia, kile kipimo cha milimita, mkononi mnyang'anye dramu yako. Dramu nyembamba inapata moto haraka na inaweza kupasuka, na shuu mpya ndani yake haigusi vizuri. Unabadilisha kulia na kushoto pamoja, siku zote. Hili halina mjadala.

Gari likivuta upande mmoja msikimbilie pedi. Fungua hosi. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani, nje inaonekana nzima. Inaruhusu fluidi kwenda lakini kurudi hairudi, breki inabaki imebana. Kuna bwana amebadilisha pedi mara tatu kwa mafundi watatu. Dawa ilikuwa hosi moja.

Sasa niwaguse wa Hilux na Hiace mnaoongeza springi ili kubeba viazi na ndizi. Chini kule nyuma, karibu na akseli, kuna mkono wa chuma umeunganishwa na vali. Vali ile inapima mzigo: mgongo ukishuka inaipa breki ya nyuma nguvu zaidi, mgongo ukiwa juu inaipunguzia ili magurudumu yasiteleze. Ukiongeza majani ya springi gari linabaki limeinuka hata likiwa na gunia kumi, na vali inaamini gari ni tupu. Basi unashuka Igawilo na mzigo wote, breki za nyuma zinafanya kazi ya gari tupu. Unafunga pedi za mbele za bei kubwa, zinaungua kwa miezi miwili, unalaumu duka. Wengine mkono ule wameufunga kwa waya. Wamefunga wapi, hata wao hawajui. Ukiongeza springi mwambie fundi aurekebishe mkono ule pia, siku hiyo hiyo.

Kuna mkono umeinuliwa pale. Karibu dada.

— Fundi, mimi nina Hiace. Kijana wangu ananinunulia pedi za mtumba za Japani, anasema hata ikiwa imetumika inashinda mpya feki.

Anasema kweli nusu. Kalipa ya mtumba original, mwili wa chuma, mimi naipenda kuliko mpya isiyo na baba. Naibomoa, naweka raba mpya, inafanya kazi miaka. Diski ya mtumba naipima, ikifaa naifunga. Lakini pedi iliyotumika hujui imeungua mara ngapi, wala kama imemwagiwa fluidi au grisi. Na kitu chochote cha raba cha mtumba, dada yangu, hapana. Raba inazeeka hata ikiwa kabatini.

— Na vumbi la zile shuu za zamani?

Swali zuri, nilitaka kulisahau. Lainingi za zamani nyingine zina asbesto, na asbesto inaleta kansa ya mapafu, miaka mingi baadaye, ukiwa umeshamsahau hata mwenye gari. Mafundi vijana mnaopuliza dramu kwa kompresa, acheni. Lowesha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe. Maji ya sabuni yana kazi yake hapo, siyo kwenye kopo la fluidi.

(Kicheko. Mwenyekiti anaonyesha saa.)

Namaliza, mwenyekiti. Ukishafunga pedi mpya usiende nazo mlimani siku hiyo. Zizoeshe kwanza. Wanaopata nafasi waende tambarare za Chimala. Wa mjini tafuteni barabara tulivu asubuhi. Fikisha kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu mpaka 10 bila kusimama kabisa, acha ipoe kidogo ukitembea, rudia kama mara kumi. Usikanyage kwa hasira. Pedi inajipaka kwenye diski safu nyembamba, na safu hiyo ndiyo inayoshika. Ukiteremka nayo mbichi kabisa kutoka Isyonje utaiunguza uso, itang'aa kama kioo, na haitashika tena vizuri hata uipige msasa.

Wa malori mnaotumia breki za upepo, najua mmekaa mnasubiri zamu yenu. Zenu ni somo la siku nzima na mwenyekiti ameshachukua saa yake.

Vernia iko hapa mezani, na jeki iko nje. Anayetaka apimiwe diski au dramu yake aje tuifungue sasa hivi, bure. Tuanze na Noah nyeupe ile iliyoegeshwa chini ya mparachichi, maana mwenyewe kaniambia kesho alfajiri anapeleka msiba Tukuyu, na nilipokuwa naingia hapa niliisikia ikisimama. Ndaga fijo.